Kicheko Kinachojitegemea

Wanaume watatu wamesimama mstari mmoja wakitazama kamera. Wa kwanza ni mrefu sana, amevaa suti na kofia nyeusi ya duara. Wa kati ana urefu wa wastani na kofia isiyo na makuu. Wa tatu ni mfupi, ana kepu ya kitambaa na skafu shingoni, na akitaka kumwona wa kwanza usoni hana budi kukunja shingo nyuma. Mrefu anamtazama wa kati kutoka juu na kueleza kwa nini: yeye ni wa tabaka la juu. Wa kati anainua macho kwa mrefu, kisha anayashusha kwa mfupi. Zamu ya mfupi ikifika, anasema tu kwamba anaijua nafasi yake. Wanaendelea hivyo, wakielezana nani ana ukoo, nani ana fedha, nani anamzidi nani, na mwishoni kila mmoja anataja anachopata kutokana na mpangilio huo. Mfupi anapata maumivu ya shingo.

Kipande hicho kina dakika chache tu. BBC ilikirusha hewani Aprili 1966 katika kipindi cha The Frost Report. Kiliandikwa na Marty Feldman na John Law, kikaigizwa na John Cleese, Ronnie Barker na Ronnie Corbett. Tangu hapo Uingereza imebadilisha mawaziri wakuu wengi, viwanda vingi vimefungwa, na kofia zile hazivaliwi tena mitaani. Kichekesho hakijapungua hata chembe. Kwa nini?

Jibu langu, ambalo nitalitetea katika sura hii, ni kwamba kichekesho kinachodumu ni kile kilichobeba ndani yake kila kitu anachohitaji mtazamaji ili acheke. Katika kile cha tabaka, hoja yote imo katika urefu wa miili mitatu. Huhitaji kumjua waziri yeyote wala kuwa umesoma gazeti la wiki ile. Kinachozeeka ni kile kilichomtaka mtazamaji aje na kitu kutoka nyumbani kwake: sura ya mwanasiasa fulani, tangazo la biashara la mwaka ule, au dharau aliyokuwa nayo tayari dhidi ya wanawake, wageni, au watu weusi. Kitu hicho kikiisha nyumbani kwa watu, kichekesho kinabaki mikono mitupu.

Ndiyo maana naamini mtu aliyekulia Tanga au Kisumu anaweza kuwa hakimu mzuri wa vichekesho hivi vya runinga ya Uingereza kuliko Mwingereza wa umri wa kustaafu. Mwingereza huyo hucheka pamoja na ujana wake. Mnamo Julai 2014 wazee watano waliobaki wa kundi la vichekesho la Monty Python walipanda jukwaani ukumbi wa O2, London, kwa maonyesho 10, na tiketi za onyesho la kwanza ziliisha kwa chini ya dakika moja. Watu walikwenda wakiwa wanayajua maneno kwa moyo. Ule ulikuwa upendo wa kweli, nami nauheshimu, lakini hautuambii kama kichekesho chenyewe bado kina nguvu.

Kabla ya kuhukumu, inafaa kujua pia kwamba tunahukumu mabaki. Katika miaka ya 1960 na sehemu ya miaka ya 1970, kanda za video zilikuwa ghali na ziliweza kurekodiwa upya. Mikataba ya waigizaji ilizuia kurudia vipindi ovyo, na hakuna aliyewaza kwamba siku moja watu wangenunua vipindi na kwenda navyo nyumbani. Kwa hiyo kanda zilifutwa. Not Only... But Also, kipindi cha Peter Cook na Dudley Moore kilichoanza mwaka 1965, kilipoteza sehemu kubwa ya kazi yake kwa njia hiyo, ingawa Cook alijitolea kuzinunua kanda hizo. Q5 ya Spike Milligan, iliyotangulia Monty Python kwa miezi michache mwaka 1969 na kuwafundisha kwamba kichekesho kinaweza kukatika katikati bila kumalizika, imebaki vipande vipande. At Last the 1948 Show ya mwaka 1967 nayo ilipotea kwa kiasi kikubwa, na baadhi ya vipindi vyake vilipatikana tu baada ya kifo cha David Frost, yule mtangazaji wa The Frost Report, katika hifadhi yake mwenyewe. Ufutaji haukuchagua kizuri wala kibaya. Walichagua watu baadaye, kwa kurudia na kurudia vile walivyovipenda, hata tukadhani kwamba zama zile kila wiki ilikuwa ya dhahabu.

Haikuwa hivyo. Atakayekaa chini atazame vipindi vyote 45 vya Monty Python's Flying Circus, vilivyorushwa kati ya 1969 na 1974, atakutana na dakika nyingi zinazoburuta miguu. Kuna mizaha dhidi ya watangazaji ambao leo hakuna anayewakumbuka. Kuna mawazo mazuri yaliyovutwa mara mbili ya urefu yaliyostahili. Halafu ghafla anatokea kasuku.

Kisa cha kasuku aliyekufa, kilichorushwa Desemba 1969, kinajulikana mno, lakini historia yake ndiyo yenye somo. Mwaka mmoja kabla, katika kipindi maalumu kilichoitwa How to Irritate People, Michael Palin aliigiza muuzaji wa magari asiyekubali kwamba gari alilouza ni bovu. Gari linaharibika mbele ya mteja naye anaendelea kusema ndivyo magari yalivyo. Kinachekesha, ila si sana. John Cleese na Graham Chapman walipolirudia wazo lile kwa ajili ya Python, gari liliondolewa, akaingia ndege. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyofanya kazi yote. Gari bovu lina mjadala: pengine ni plagi, pengine ni mafuta, pengine mteja hajui kuendesha. Kasuku aliyekufa hana mjadala. Mteja anamgonga juu ya kaunta, na muuzaji anasema amelala. Mteja anagundua kwamba ndege alipigiliwa misumari kwenye kijiti chake, na muuzaji ana maelezo ya misumari hiyo pia. Ukweli ukiwa wazi kiasi hicho, ukaidi wa muuzaji unapanda hadi kuwa kitu cha ajabu, karibu cha kutisha, na mteja anaishia kurundika kila namna ya kusema kwamba kiumbe kimekufa. Soko lolote duniani lina muuzaji huyo. Ofisi nyingi pia zinaye.

Wizara ya Miondoko ya Kipuuzi, ya Septemba 1970, inasimama kwa mguu huohuo. Cleese, na miguu yake mirefu, anakwenda kazini kwa mwendo usioelezeka, amevaa kama ofisa mwandamizi wa serikali, na hakuna anayeshangaa. Ofisini anamkuta Palin, raia anayeomba ruzuku ili aendeleze mwendo wake mwenyewe, ambao kwa kweli haujafikia kiwango. Watu wengi hukumbuka miguu tu, lakini tazama mazungumzo ya dawati. Ofisa analalamikia mgao wa bajeti. Anapima maombi kwa umakini. Anajuta kwamba fedha haziwatoshi wote. Lugha yote ni ya serikali halisi, na hapo ndipo kicheko kinapopata mwili. Mwaka 2022 watafiti waliochapisha katika jarida la kitabibu la BMJ waliwatembeza watu wazima 13 kwa mtindo huo, wakakuta kwamba mwendo wa ofisa unatumia nguvu takriban mara mbili na nusu ya mwendo wa kawaida. Miaka zaidi ya 50 baadaye, bado kuna watu wazima wenye akili zao wanaotaka kutembea hivyo.

Hata hivyo Python hawakuwa salama na ugonjwa wa zama zao. Walikuwa wanaume sita, na kwao mwanamke alikuwa wa aina mbili. Alikuwa mama wa nyumbani mwenye sauti kali, aliyeigizwa na mmoja wao akiwa amevaa gauni, au alikuwa msichana mrembo, nafasi ambayo mara nyingi alipewa Carol Cleveland. Mama wale wenye sauti kali wamedumu, kwa sababu wana hoja, wanagombana, wanajadili falsafa wakiwa na vikapu vya sokoni mkononi. Msichana mrembo hana la kusema. Cleveland alikuwa mwigizaji mahiri, na kila ninapomwona akisimama pembeni ya kichekesho ambacho angeweza kukibeba, naona hasara.

Hasara hiyo kwa Benny Hill ilikuwa ndiyo biashara yenyewe. Kuanzia 1969 hadi 1989 kampuni ya Thames ilirusha kipindi chake, na kikauzwa nchi nyingi mno. Hill alikuwa fundi. Alijua kuharakisha filamu, alijua kimya, alijua jinsi uso wa mtu mnene unavyoweza kusema kitu bila neno. Vipande vyake visivyo na maneno, vinavyorithi sinema za kimya za miaka ya 1920, bado vina uhai. Lakini zile mbio za wasichana wenye nguo chache zilitegemea mtazamaji aone kwamba kumwona msichana akikimbia ni jambo la kuchekesha lenyewe. Asiyeona hivyo hana kitu kingine cha kushika. Hill akijifanya Mchina, hali ni hiyohiyo: lafudhi inatolewa, halafu basi.

Hapa mara nyingi huja utetezi kwamba tusiwahukumu watu wa kale kwa macho ya leo, kwamba wakati wao hakuna aliyeona ubaya. Utetezi huo si wa kweli, na inafaa usemwe kwa tarehe. The Black and White Minstrel Show, kipindi cha nyimbo ambamo wazungu walijipaka rangi nyeusi usoni, kilirushwa na BBC kuanzia 1958. Mwaka 1967 shirika la Campaign Against Racial Discrimination liliipelekea BBC ombi lenye sahihi za watu likitaka kiondolewe. Kiliendelea hadi 1978. Katika miaka ya 1970 kijana mweusi wa mji wa Dudley, Lenny Henry, mwana wa wahamiaji kutoka Jamaika, alizunguka na onyesho la jukwaani la kundi hilo akiwa mchekeshaji chipukizi. Amelizungumzia hadharani tangu hapo kama jeraha. Basi walikuwapo walioona, na walisema. Wenye mamlaka ya kusikia ndio ambao hawakusikia. Hata kipaji hakikumwokoa mtu: Spike Milligan, ambaye bila yeye nusu ya sura hii isingekuwapo, alijipaka rangi mwaka 1969 akaigiza Mpakistani katika Curry and Chips, na vipindi vikakomea sita.

Little Britain ilikuja miaka zaidi ya 30 baadaye, kwenye runinga kuanzia 2003, na bado Matt Lucas na David Walliams walijipaka rangi. Juni 2020 kipindi kiliondolewa kwenye BBC iPlayer na kwenye Netflix, waigizaji wakaomba radhi, na mwaka 2022 kikarudi iPlayer kikiwa kimekatwa sehemu. Binafsi sikubaliani na ukataji. Nakala nzima ibaki, iwe na maelezo mbele yake, ili anayetaka kujua Waingereza walicheka nini mwaka 2003 ajue. Tumeshaona kufuta kanda kulivyotuacha.

Mizaha ya kisiasa nitaipita haraka, kwa kuwa hukumu yake ni rahisi. Mike Yarwood alipendwa na mamilioni kwa kumwigiza Harold Wilson na Edward Heath, na vikaragosi vya Spitting Image, vilivyoanza 1984, vilimfanya Margaret Thatcher kuwa mwanamume mwenye suti. Ufundi upo. Lakini nusu ya kila kicheko iko katika gazeti la siku ile, na gazeti hilo halipo tena.

Kuna kisa kimoja cha kisiasa kinachokataa kufa. Not the Nine O'Clock News, kipindi cha BBC cha 1979 hadi 1982, kilikuwa na kichekesho cha polisi aitwaye Savage. Griff Rhys Jones ndiye Savage, na Rowan Atkinson ni mkubwa wake aliyemwita ofisini kuhusu mashtaka aliyofungua. Atkinson anayasoma moja moja kwa sauti ya ofisa aliyechoka. Kuna mtu aliyekamatwa kwa kuzubaa akiwa na nia ya kutumia kivuko cha waenda kwa miguu. Kuna aliyekamatwa kwa kuvaa shati la rangi kali gizani katika eneo la makazi. Kuna kosa la kuwa na nywele nyeusi za kipilipili. Kisha inajitokeza kwamba aliyekamatwa mara zote hizo ni mtu mmoja, Bwana Winston Kodogo. Akiulizwa kama mtu huyo ni mweusi, Savage anasema hajawahi kuligundua hilo. Atkinson anamlipukia, anamwambia polisi haina nafasi kwa watu wa aina yake, na adhabu yake ni kuhamishiwa kikosi cha Special Patrol Group.

Mwingereza wa 1980 alijua kikosi hicho, kwa sababu Aprili 1979 mwalimu Blair Peach aliuawa katika maandamano huko Southall na lawama zikakiangukia. Alijua pia kwamba polisi waliwakamata vijana weusi kwa kutumia kifungu cha Sheria ya Uzururaji ya mwaka 1824, iliyowaruhusu kumshika mtu kwa kumshuku tu. Aprili 1981 mtaa wa Brixton uliwaka moto, na baadaye mwaka huohuo kifungu hicho kikafutwa. Lakini hata asiyejua lolote kati ya hayo anacheka, kwa kuwa mashtaka yanajieleza yenyewe kadiri yanavyosomwa. Na msomaji wa Afrika Mashariki anajua zaidi ya anavyodhani. Sheria ileile ya 1824 ilisafiri na ukoloni, ikazaa makosa ya uzururaji katika sheria za Kenya na Tanganyika, na vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wamepakiwa kwenye magari ya polisi kwa makosa ambayo Savage angeyatambua mara moja. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Kichekesho cha London kikawa kinazungumzia barabara zetu.

Tazama vilevile kwamba maneno ya Savage kuhusu nywele ni maneno ya kibaguzi kabisa. Yamo ndani ya kichekesho na hayakichafui, maana msemaji ndiye anayechekwa, na aliyemweka kitini ili achekwe ni mwandishi. Goodness Gracious Me, ya Meera Syal, Sanjeev Bhaskar na wenzao, iliyoingia runingani 1998, ilikwenda hatua nyingine mbele: Wahindi wanatoka kulewa na kuingia mkahawa wa chakula cha Kiingereza, wanamsumbua mhudumu mzungu, wanaharibu jina lake, wanashindana kuagiza chakula kisicho na ladha yoyote. Waliowahi kuhudumia walevi wa Kiingereza katika mikahawa ya Kihindi, wakiwamo waliotoka Uganda na Kenya, waliyajua yale usiku baada ya usiku.

Wapo wanaosema siri yote ni hiyo: mcheke mkubwa, mwache mdogo. Ni kanuni nzuri ya maisha, lakini haielezi kila kitu. Victoria Wood, mwandishi ninayemweka juu ya wengi katika sura hii, aliandika katika miaka ya 1980 kisa cha mhudumu mzee wa mkahawa, akaigizwa na Julie Walters. Mume na mke wana haraka na wanataka supu mbili tu. Mhudumu hasikii vizuri, anatetemeka, anatembea hatua za sentimita chache, na anayo njia yote ya kwenda jikoni na kurudi. Supu inamwagika njiani. Hakuna mnyonge kuliko huyu, na tunacheka hadi machozi. Nadhani ni kwa sababu Wood anampa kazi ya kufanya na heshima ya kuifanya. Mzee anajitahidi kwa moyo wake wote, wateja wanajitahidi kuwa na adabu, na kila mmoja wetu amewahi kukaa kwenye kiti cha mmoja wao.

Peter Cook alifanya kitu cha hatari zaidi. Katika kisa chake, mtu mwenye mguu mmoja, Dudley Moore, anaruka-ruka akiingia kuomba nafasi ya kuigiza Tarzan. Cook, anayemsaili, hamdhihaki hata kidogo. Anausifu mguu uliopo. Anautafuta upungufu kwa maneno laini yasiyoumiza, anazunguka, anarudi, anamwachia matumaini. Tunaufuatilia mdomo wa Cook, na hofu ya mtu mwenye madaraka ya kutamka jambo ambalo macho ya wote yanaliona. Moore anaruka kwa furaha ya mtu anayeamini kwamba mambo yanamwendea vizuri.

Anayetaka kuanza kutazama leo aanze na hivyo viwili, na Savage, na kasuku. Four Candles ya The Two Ronnies, ya Septemba 1976, aiweke baadaye. Mteja anaingia duka la vifaa, na kila anachoagiza kinasikika kama kitu kingine kwa sikio la Kiingereza, hata muuzaji anapanda na kushuka ngazi kwa bure hadi uvumilivu unamwisha. Asiyeimudu lahaja atapoteza nusu, ingawa uso wa Ronnie Corbett unatosha kumweka kitini.

Kilichonigusa zaidi kuhusu kisa hicho ni mwandishi wake. Ronnie Barker, nyota wa kipindi, ndiye aliyekiandika, lakini kwa jina la Gerald Wiley. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akiwapelekea watayarishaji maandishi kwa jina hilo la kubuni, ili yapokelewe au yakataliwe kwa ubora wake, bila mtu kumstahi nyota. Wenzake walikisia kwamba Wiley huenda ni mwandishi mashuhuri kama Tom Stoppard au Alan Bennett. Siku Barker aliposimama mezani, walipokuwa wamekusanyika kwa chakula, na kusema kwamba Wiley ni yeye, wengine walikataa kuamini.